Kikombe Kimoja cha Nini?

Waheshimiwa wageni, walimu wangu mliofika, nanyi waokaji wenzangu, asanteni kwa kuja. Muda niliopewa ni mfupi na meza hii ina unga wa kutosha kutuchafua sote, kwa hiyo salamu ziishie hapa tuingie kazini.

Tangu nianze kufundisha uokaji, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: “Mwalimu, kikombe kimoja ni gramu ngapi?” Nami hujibu kwa swali: cha nini? Wapo wanaokasirika, wakidhani nawazungusha. Wanataka namba moja tu, waibandike ndani ya mlango wa kabati, waishi nayo. Namba hiyo haipo. Kikombe kinapima nafasi, gramu inapima uzito, na kila kitu unachokimimina humo kina uzito wake. Chukueni kikombe cha kupimia cha Kimarekani, ambacho ujazo wake ni karibu mililita 237. Ukikijaza asali, umepata gramu 340 hivi. Maji, 237. Sukari nyeupe, 200. Unga wa ngano, 120 hadi 125 ukipimwa kwa upole. Kakao, kama 85. Kikombe ni kilekile, hakijatanuka wala kusinyaa, na asali imeizidi kakao mara nne.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Ila kibaba kikishajaa, bado hakijakwambia kina uzito gani.

Kwa hiyo kabla hujageuza vikombe kuwa gramu, au gramu kuwa vikombe, ujue kimepimwa nini, kwa kikombe kipi, na kikombe chenyewe kilijazwaje. Nitaanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu keki nyingi, na ndilo watu wasiloliamini mpaka walione kwa macho.

Hapa nina mizani, kikombe kimoja na mfuko mmoja wa unga. Dada yangu uliyekaa karibu na mlango, njoo unisaidie. Na wewe kaka, simama hapa utusomee mizani kwa sauti. Mimi sigusi kitu, msije mkasema ni kiinimacho.

Dada, weka kikombe kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe kirudi sifuri. Haya. Sasa nipimie kikombe kimoja cha unga kama unavyopima nyumbani. Tazameni mkono wake. Amekizamisha kikombe mfukoni, amekivuta kikakwaruza ubavu wa mfuko, amekifuta juu kwa kisu. Safi, hata mimi nimewahi kufundishwa hivyo. Kaka, inasoma ngapi? 148.

Rudisha mfukoni. Sasa uchangue unga kwa uma, ulegee. Uteke kwa kijiko, uuangushe kikombeni polepole, usikigonge kikombe, usiushindilie. Ukizidi juu, sawazisha kwa mgongo wa kisu. Ngapi? 122.

Tena. Chota kwa kikombe, kigongegonge mezani mara kadhaa, utaona unga unashuka. Jaza ile nafasi iliyobaki, sawazisha. 165.

Na mara ya mwisho, weka chekeche juu ya kikombe, uchekeche unga uangukie humo wenyewe. Sawazisha bila kugusa chini. 109.

Asante dada, asante kaka, kaeni. Mfuko mmoja, kikombe kimoja, mtu mmoja, na mizani imesoma kutoka 109 hadi 165. Tofauti ni gramu 56, zaidi ya nusu ya kile kipimo cha chini. Na hakuna mara hata moja aliyokosea. Mara zote nne alisema kweli: hiki ni kikombe kimoja cha unga.

Sababu ni hewa. Unga ni chembe ndogo mno zinazoshikana na kuachiana, na kati ya chembe na chembe kuna nafasi. Ni kama nguo ndani ya sanduku: ukizitupia ovyo sanduku linajaa upesi, ukizishindilia zinaingia nyingine nyingi. Unga uliosafirishwa, ukarundikwa chini ya mifuko mingine, umeshajishindilia wenyewe kabla hujaufungua. Unga wa juu ya mfuko na unga wa chini ya mfuko huohuo haujazi kikombe sawasawa.

Sasa tuupeleke kwenye keki. Mapishi yanataka vikombe 3 vya unga, na aliyeyaandika hupima kwa kijiko, 120 kila kikombe. Kwake ni gramu 360. Dada yetu akipika kwa mkono wake wa kwanza, 148 mara tatu, ni 444. Ameongeza gramu 84, karibu robo tatu ya kikombe cha unga ambao hakuna aliyeuandika. Keki inapanda ikiwa na mpasuko katikati, ukiikata inamomonyoka, ukiila unatafuta maji. Halafu lawama zinaanza. Oveni ina joto sana. Bekingi pauda imepoteza nguvu. Mayai yalikuwa madogo. Nimeona watu wakibadilisha oveni kabla hawajafikiria kubadilisha kijiko.

Kwenye mkate mambo ni mabaya zaidi, maana mkate unasimama juu ya uwiano wa maji na unga. Gramu 500 za unga kwa gramu 325 za maji ni asilimia 65, kinyunya laini kinachonata kidogo mkononi. Vikombe 4 vya kuchota, kwa ule uzito wa 148, ni gramu 592. Maji ni yaleyale 325. Umeshuka mpaka asilimia 55. Utakanda mpaka viganja viume na kinyunya hakitalainika, kwa sababu hakina cha kulainikia.

Hapo pia angalieni mpangilio wa maelekezo. “Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa” maana yake chekecha kwanza, ndipo upime, umepata 109. “Kikombe kimoja cha unga, kisha uchekeche” maana yake pima kwanza; umepata 122 au 148, kutegemea mkono wako. Ukisoma kwa haraka utaziona sentensi mbili hizi kama moja.

Sukari nyeupe haina vituko hivyo. Chembe zake ni nzito, zinateleza na kujipanga zenyewe. Ichote unavyotaka, utaikuta karibu na 200. Ndiyo maana ukikuta jedwali lolote la kugeuzia vipimo, mstari wa sukari unafanana na wa majedwali mengine, na mstari wa unga kila mmoja ana wake. Sukari ya kahawia ni habari nyingine, ina unyevu na inashikana. Ikishindiliwa hufika 220, ikiachwa imelegea inaweza kushuka mpaka karibu 145. Mapishi yaliyoandikwa vizuri husema “iliyoshindiliwa”. Yasiposema, mimi hushindilia, kwa sababu ndivyo waandishi wengi wanavyokusudia.

Tuje kwenye kikombe chenyewe. Zamani mapishi yaliandikwa kwa makadirio: siagi ukubwa wa yai, unga kikombe cha chai, chumvi kiasi. Aliyejulikana zaidi kwa kusisitiza vipimo vya kusawazisha ni Fannie Farmer, mwalimu wa shule ya mapishi ya Boston nchini Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1896 alitaka kikombe kiwe kikombe cha kupimia, kijiko kiwe cha kupimia, na vyote vifutwe juu vikawa bapa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hatua kubwa. Mpishi hakuhitaji mizani, alihitaji kikombe tu. Tatizo likabaki kwamba kila nchi ilishika kikombe chake.

Kikombe cha Marekani ni nusu ya painti yao, mililita 236.6. Lakini kwenye maelezo ya lishe ya vyakula, sheria yao hukihesabu kuwa 240. Australia na nchi nyingine zinazotumia mita na kilo hutumia kikombe cha mililita 250. Japani ni 200, na kile cha kupimia mchele ni 180. Uingereza painti yao ni kubwa kuliko ya Wamarekani, mililita 568 dhidi ya 473, kwa hiyo ukikuta kitabu chao cha zamani kinachotaja kikombe, huenda ni nusu ya hiyo, 284. Vijiko navyo havikuachwa. Kijiko cha chai ni mililita 5 karibu kila mahali, kijiko kikubwa ni 15, isipokuwa Australia, ambako ni 20. Kijiko kikubwa cha bekingi pauda cha huko kinazidi cha kwingineko kwa theluthi nzima.

Mtu atasema: kama kila kitu nimekipima kwa kikombe kimoja, uwiano si unabaki uleule? Hoja nzuri, na ni kweli. Unga vikombe 2, sukari 1, maziwa 1. Ukitumia kikombe kikubwa utapata keki kubwa zaidi, basi. Lakini angalia orodha ya mahitaji mpaka mwisho. Mayai 3. Yai halijui kikombe chako ni cha wapi. Kijiko kimoja cha hamira. Siagi gramu 250. Mapishi yakishachanganya vikombe na vitu vinavyohesabiwa au kupimwa kwa njia nyingine, ukubwa wa kikombe unaanza kuonekana ndani ya oveni.

Mkidhani nakuza mambo, nitawapeleka nje ya jiko kidogo. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Haikuvuja. Vipimo vya mafuta vya ndani ya ndege vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa ujazo, kwa lita, kisha hesabu ikapigwa kwa mkono ili kupata uzito. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa kilo ilibidi watumie 0.8, maana lita moja ya mafuta yale ni karibu kilo 0.8. Wao wakatumia 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa ratili, kipimo kisichofika hata nusu kilo. Namba 1.77 haikuwa ya uongo. Ilikuwa sahihi kabisa, kwa kipimo kingine. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 waliokuwamo walitoka hai.

Nawaeleza haya kwa sababu kosa ni lilelile tunalolifanya jikoni, ila sisi hatuanguki kutoka mbali. Tunachukua namba iliyo sahihi mahali fulani tunaipeleka mahali pengine. Gramu 120 ni namba nzuri ya unga mweupe wa ngano, uliotekwa kwa kijiko, kwa kikombe cha mililita 237. Ukiipeleka kwenye kikombe cha 250 tayari umepungukiwa. Ukiipeleka kwenye shayiri iliyopondwa bapa, inayokaa kati ya 90 na 100, umezidisha.

Basi tufanyeje? Mimi nashauri kila mmoja wenu awe na jedwali lake mwenyewe, la kikombe chake na mkono wake. Haichukui muda.

Anza kwa kujua kikombe chako kina ukubwa gani, na hapo huhitaji kuamini kilichochapishwa ubavuni. Kiweke kitupu juu ya mizani, rudisha sifuri, kijaze maji mpaka ukingoni. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Kwa joto la kawaida la chumba lita moja hupungua gramu 2 hivi, ambazo kwa keki hazina maana. Nimeviona vikombe vilivyoandikwa 250 vikipimwa vinatoa 230. Ukiwa na kikombe cha namna hiyo, jedwali la mtu mwingine halitakufaa hata likiwa sahihi vipi.

Ukishajua mililita, mengine ni kuzidisha. Mililita moja ya maziwa ni gramu 1.03, kwa hiyo maziwa wala usihangaike, yahesabu kama maji. Mafuta ya kula ni 0.92, yanaelea juu ya maji, si ndiyo? Basi yapunguze kidogo. Asali ni 1.42. Sukari nyeupe ni kama 0.85. Unga wa ngano uliotekwa kwa kijiko ni 0.5 na kidogo juu yake. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kina asali gramu 355, mafuta 230, sukari kama 210, unga kama 130. Kwa vitu vya unga unga, kakao, sukari ya kupambia, shayiri, usiishie kwenye hesabu. Jaza kikombe kama ulivyozoea, pima, mwaga, jaza tena, pima tena, uandike namba ya katikati.

Kisha chukua yale mapishi unayoyapenda, ambayo hukutoa keki nzuri kila siku. Siku utakapoyapika tena, pima kwa kikombe kama kawaida yako, lakini kabla hujamwaga kila kitu kwenye bakuli kiweke juu ya mizani, uandike gramu kando ya mstari kwa kalamu. Ukimaliza, mapishi hayo yamegeuzwa, na yamegeuzwa kwa mkono wako, si kwa mkono wa mwandishi wa jedwali. Hutayageuza tena. Hii kwa maoni yangu ndiyo njia pekee ya kugeuza mapishi ya urithi, yale ya bibi, ambaye kikombe chake kilikuwa na sikio lililovunjika na alikijaza mpaka kikafanya kilima. Jedwali gani litakwambia kilima cha bibi ni gramu ngapi?

Yakiwa ni mapishi ya mtu usiyemjua, kwanza tafuta kama ameandika mahali popote kikombe chake cha unga ni gramu ngapi. Vitabu vingi huweka mwanzoni, pale tunaporuka. Usipoona, anza na 125 kwa kikombe cha Kimarekani, bakiza maji kidogo pembeni, uongeze kwa kutazama kinyunya.

Siagi ina ujanja wake. Wamarekani huhesabu kikombe kimoja cha siagi kuwa nusu ratili, gramu 227, kwa sababu ndivyo vipande vyao vilivyofungwa na kuwekewa mistari. Asiye na mizani anaweza kuipima kwa maji: tia nusu kikombe cha maji baridi kwenye jagi la kupimia, dumbukiza vipande vya siagi, vizamishe, maji yakifika alama ya kikombe kizima una nusu kikombe cha siagi. Mwaga maji, ifute. Ni njia nzuri, ingawa inalowesha mikono.

Sasa kuna mtego wa wakia, na huu naomba muusikilize. Kuna wakia ya uzito, gramu 28.35, na kuna wakia ya kimiminika, ambayo ni ujazo. Ya Marekani ni mililita 29.6, ya Uingereza 28.4. Kwa maji zinakaribiana, ndiyo maana watu huzichukulia kuwa kitu kimoja. Ukisoma “unga wakia 8”, hiyo ni uzito, gramu 227, karibu vikombe viwili. Mtu anayejua kwamba kikombe kimoja ni wakia 8 atajaza kikombe kimoja, awe ametia nusu ya unga unaotakiwa. Rojo litamwagika kama uji. Kwenye asali kosa linageuka: kikombe cha wakia 8 za ujazo kina wakia 12 za uzito. Kanuni yangu ni fupi: kitu kikavu, wakia ni uzito, kimiminika, soma mara mbili.

Uzuri wa uzito unauona vizuri kwenye ile keki ya kale ya sehemu nne sawa: mayai, unga, sukari, siagi, vyote uzito mmoja. Waingereza walikuwa wakitia ratili moja ya kila kitu. Huhitaji mapishi, unahitaji mizani tu. Vunja mayai 4, pima bila maganda. Yametoka gramu 200? Basi unga 200, sukari 200, siagi 200. Iandikeni hiyo kwa vikombe vya Kimarekani muone: unga kikombe 1 na theluthi mbili, sukari kikombe 1 kamili, siagi kikombe kasoro vijiko vikubwa viwili hivi. Kitu kilichokuwa sawa kwa sawa kimekuwa hesabu ya shule.

Na kwa kuwa nimetaja mayai, nayo yana mipaka. Yai “kubwa” la Marekani, kwa wastani, ni gramu 57 na ganda lake. Kwa madaraja ya Umoja wa Ulaya, yai hilo liko daraja la kati, linaloanzia 53 na kuishia chini ya 63. Kubwa lao linaanzia 63. Ukitoa ganda, la Marekani linabaki kama gramu 50. Mapishi ya mayai 6 yakihama bara, umeongeza karibu yai zima bila kujua. Pima mayai.

Chumvi nayo ina hila zake. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi. Chumvi yenye magamba mepesi, kijiko hichohicho, inaweza kuwa 3. Ukibadilisha chumvi ukaacha kijiko, mkate wako utapooza au utakuwa wa kutema. Kwa uzito, gramu 10 ni gramu 10, iwe laini iwe ya mawe.

Lakini nisiwadanganye kwamba mizani inashinda kila mahali. Mizani nyingi za jikoni huhesabu gramu moja moja. Ikisoma 3, huenda ni 2.6, huenda ni 3.4. Kwa unga gramu 500 hilo ni vumbi, kwa hamira gramu 3 ni jambo zito. Halafu mizani nyingi zina tabia ya kujirekebisha kwenye sifuri. Ukinyunyiza hamira kidogo kidogo, inadhani ni upepo, inakaa palepale. Wenye mizani ndogo ya sehemu ya kumi ya gramu waitumie. Wengine, kwa hamira, bekingi pauda na vanila, kijiko cha kupimia kilichofutwa juu bado ni chombo cha heshima. Mapishi yenye gramu kwa unga na kijiko kwa bekingi pauda hayana ushamba wowote.

Wala uzito hautakwambia unga huu unakunywa maji kiasi gani. Unga wa ngano nzima hunywa zaidi ya mweupe, na unga uliokaa mahali penye unyevu tayari una maji yake. Mizani inakufikisha mlangoni. Humo ndani utatumia vidole.

Faida ambayo waokaji wa mikate hawataiacha ni asilimia. Unga wote ni 100, vingine vinahesabiwa juu yake: maji 65, chumvi 2, hamira kavu 1. Una kilo moja ya unga? Maji 650, chumvi 20, hamira 10. Umebakiwa na gramu 730 mfukoni? Maji 475, chumvi 15, hamira 7. Umemaliza kabla oveni haijapata joto. Jaribu kufanya hivyo kwa vikombe utaishia kutafuta kijiko cha theluthi ya robo.

Na wale ambao mizani bado hawana, na mapishi mazuri wanayoyaona siku hizi ni ya gramu tupu? Geuzeni kinyume. Gawanya gramu za mapishi kwa gramu za kikombe chako. Unga 450, na kikombe chako ukiteka kwa kijiko ni 122: unapata vikombe 3 na sehemu 0.69. Usihangaike kuitafuta hiyo 0.69 kwa jicho. Kikombe cha Kimarekani kina vijiko vikubwa 16, na 0.69 ya 16 ni 11. Vikombe 3 na vijiko 11, vyote vimefutwa juu. Sukari 450 kwa 200 ni vikombe 2 na robo. Tatizo ni kwamba ili kuijua hiyo 122 unahitaji mizani angalau mara moja, na hapo ndipo mimi ninapoweza kusaidia leo.

Mizani tatu ziko kwenye meza ya nyuma, maji yapo, unga upo. Waliokuja na vikombe vyao waanzie kwenye maji, waandike mililita chini ya kikombe kwa kalamu isiyofutika, ndipo waje kwenye unga. Na tafadhali, msigonge meza wakati mwenzenu anapima.